Kabla meja hajafyatua bastola: kuandika pambano la kisasi kwenye kituo cha anga

Juzi jioni maji yalikuwa yamekupwa, nikawachukua vijana wangu wawili hadi ufukweni hapa Bagamoyo nikawasimamisha wakitazamana kwa umbali wa mita saba na kidogo, kila mmoja kashika kipande cha ufito, nikawaambia angalianeni machoni msiseme kitu. Hata dakika haikuisha, mmoja kaanza kulamba midomo, mwenzie dole gumba linamcheza kwenye ufito. Na ni ufito tu jamani, hakuna risasi!

Mimi nafundisha mapigano ya jukwaani, na umbali ule sikuubuni. Ndo umbali aliosimama Andrew Jackson, yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, mwaka 1806, wakati huo ni meja jenerali wa wanamgambo wa Tennessee, akipambana na Charles Dickinson kwa ugomvi ulioanzia kwenye dau la farasi ukaingia hadi heshima ya mkewe. Jackson alimwacha Dickinson apige kwanza, risasi ikamwingia kifuani, hakuanguka. Akalenga, bastola ikakwama, akaivuta upya taratibu, akampiga na kumuua. Ile risasi alikaa nayo kifuani mpaka anakufa mwaka 1845. Mimi kinachonishika pale ni ile sekunde ya kuvuta bastola upya, maana mwenye hasira za papo kwa papo hapo angeshtuka akaacha, lakini huyu alishaamua tangu nyumbani.

Sasa kuna mwanafunzi wangu kaniletea skripti ya mchezo wa redio, stori ya miaka mingi mbele huko. Meja wa kike anaishi kwenye kituo cha anga, mdogo wake alifungiwa nje ya mlango wa hewa, ule wa kutokea anga za nje, kwa amri ya kanali, baraza likakaa likamsafisha kanali, meja akaapa kumuua kwa pambano. Stori nzuri sana. Ila alivyoiandika, meja anamwita kanali uwanjani, wanapigana kwa miale ya leza, kanali anakufa, basi. Nikamwambia hapana mwanangu, leza inakwenda na mwendo wa mwanga, hakuna kukwepa, hakuna kusubiri, msikilizaji hana hata pa kuvutia pumzi. Halafu umeruka kanuni, na kisasi kinajificha humo humo kwenye kanuni!

Maofisa wa zamani walikuwa na utaratibu. Kanuni za Ireland za mwaka 1777 zinasema aliyeitwa kwenye pambano ndo anachagua silaha na ndo anachagua uwanja, aliyeita anachagua umbali, na kila mpiganaji ana msimamizi wake ambaye kazi yake ya kwanza ni kutafuta suluhu. Kwahiyo ofisa mwenye kisasi cha kweli hamwiti adui yake hata siku moja, anamchokoza mbele za watu mpaka adui ndo amwite yeye. Meja anatakiwa amtukane kanali mezani, mbele ya maofisa wote, kwa neno ambalo kanali hawezi kulimeza akabaki na cheo chake.

Baada ya hapo ndo sayansi inaingia, na hapa naomba mnisome polepole. Kituo chenye nusu kipenyo cha mita 100 kikizunguka mara tatu hivi kwa dakika, aliyesimama kwenye ukingo wake kwa ndani anajiona ana uzito ule ule wa duniani. Ila kitu ukikirusha humo hakiendi unavyotegemea. Nilimpandisha yule mtunzi kwenye bembea ya kuzunguka ya watoto, tukakaa tunatazamana, ikasukumwa, nikamrushia chungwa usawa wa kifua, likapinda likampita pembeni kabisa, akaudaka upepo. Aliyesimama chini anaona chungwa limenyooka, sisi tuliozunguka ndo tumehama.

Risasi ni hivyo hivyo. Mkisimama kwa kufuata mzunguko wa kituo, mita 25, bastola ya mwendo wa mita 250 kwa sekunde, anayepiga kinyume na mzunguko risasi yake inapanda zaidi ya sentimita 70, na anayepiga kufuata mzunguko yake inashuka zaidi ya sentimita 80. Nimepiga hesabu mara tatu, ndo hivyo. Sasa kanali ni mtu wa sayari, kafika kituoni siku mbili tu, na anajiamini kwa shabaha ya mbali kwahiyo yeye mwenyewe anaitaja hiyo mita 25. Meja anachagua bastola ya risasi, anachagua uwanja, na anachagua nani aangalie wapi. Kanali analenga kifua, risasi inapita juu ya kichwa cha meja. Meja anainua mkono, analenga karibu shubiri mbili juu ya kichwa cha kanali, na watu wote pale wanashusha pumzi, wanajua kamsamehe, maana kupiga hewani ndo ilikuwa njia ya kumwacha mtu aende zake. Risasi inashuka inamkuta kifuani.

Mtunzi aliposikia hapo alikaa kimya muda mrefu, akauliza, sasa si ameua huyu? Ndio, ameua, na nataka msikilizaji alisikie hilo. Mwaka 1843 London, Luteni Kanali Fawcett aliuawa na Luteni Munro, watu na mwanyumba wake, wake zao ndugu wa damu, na mjane akanyimwa pensheni. Mwaka uliofuata jeshi la Uingereza likakaza kanuni zake dhidi ya mapambano hayo. Heshima ya wanaume wawili, na anayebaki na njaa ni mke.

Kwahiyo tumekubaliana uchungu wote tuuweke kwa msimamizi wa meja. Ni rafiki yake wa miaka, kahangaikia suluhu usiku kucha kwa moyo wote, na yeye kazaliwa kituoni, anajua risasi inavyokwenda, ila hakushtuka mpaka alipoona mkono wa meja umeinuka kiasi kile. Jumamosi maji yakikupwa tena tunafanyia mazoezi hatua zake, kama thelathini, kutoka alipo kanali mpaka kwa meja kuipokea bastola, tuone mtu aliyeshajua anazitembea vipi.