Kansa ya shingo ya kizazi: njoo ukiwa huumwi

Swali naloulizwa sana pale kituoni ni hili, "sista, mi siumwi popote, sasa unanipima nini?" Na jibu langu kila siku ni lilelile, hapo hapo ndo penyewe mama, nakutaka ukiwa huumwi.

Hii kansa haianzi leo ikaua kesho. Karibu yote inaletwa na kirusi kinaitwa HPV, kiko cha aina nyingi ila aina mbili tu, ya 16 na ya 18, ndo zinahusika na kama asilimia 70 ya kansa za shingo ya kizazi duniani. Wengi tunakipata kwenye mahusiano bila hata kujua, kinga ya mwili inakimaliza ndani ya mwaka mmoja au miwili, basi, yameisha. Kwa wachache ndo kinang'ang'ania, kinaanza kuzibadilisha seli za pale kwenye shingo ya kizazi taratibu sana, mpaka zije ziwe kansa kamili ni miaka 15 hadi 20, na kwa mwenye kinga iliyoshuka, mfano anaishi na VVU na hatumii dawa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu. Na kipindi chote hicho husikii kitu, hamna maumivu, hamna damu, unaenda kazini, unazaa, unalea. Damu baada ya tendo la ndoa, damu wakati hedhi ulishakoma, uchafu wenye harufu kali, mgongo na nyonga kuuma, hizo ukiziona njoo siku hiyohiyo, sio lazima iwe kansa, ila kama ni yenyewe basi mara nyingi imeshatembea.

Sasa wengi wanaogopa kipimo kwa sababu hawajui kinafanyikaje, ngoja nieleze. Unalala kitandani, pazia limefungwa, unafunikwa shuka, miguu unaikunja. Naingiza kifaa cha kufungua uke ili niione shingo ya kizazi kwa macho, hapo unahisi baridi na kubanwa kidogo, ukikaza misuli ndo inauma kwahiyo nakwambia uvute pumzi. Alafu nachukua pamba yenye siki nyepesi (ndio, siki, asilimia 3 hadi 5) napaka pale, nasubiri kama dakika moja hivi huku naangalia na taa. Panapokuwa pazima panabaki rangi yake ya pinki, penye seli zilizobadilika panageuka peupe na kingo zake zinaonekana kabisa. Siku moja mama mmoja aliniuliza "umemaliza?" na alikuwa bado anajiandaa kuogopa.

Ila siki haimfai kila mtu, aliyekoma hedhi sehemu tunayotaka kuiona inakuwa imerudi ndani, huyo kipimo cha HPV chenyewe ni bora zaidi, na ni bora kwa wengine wote pia pale kinapopatikana maana hakitegemei jicho la mtu. Uzuri wake sampuli unaweza kuchukua mwenyewe kwa kijiti laini chenye pamba, peke yako nyuma ya pazia. Kwa kipimo hiki cha HPV, Shirika la Afya Duniani linasema uanze ukiwa na miaka 30, ukiwa huna shida unarudia kila baada ya miaka 5 hadi 10. Kwa anayeishi na VVU ni kuanzia 25, na marudio ni miaka 3 hadi 5, kwasababu hatari kwake ni kama mara sita.

Nikikuta weupe, na ukawa hauna dalili za kansa yenyewe, mara nyingi natibu palepale. Kuna kifaa chenye ncha ya moto, nagusisha pale penye weupe kwa sekunde kati ya 20 na 60, tumbo linakaza kama la hedhi alafu linaachia, unatoka na miguu yako. Wiki chache utatoa majimaji, usishtuke, vaa pedi na upumzike tendo la ndoa kama wiki nne, baada ya mwaka unarudi tunacheki tena. Nikiwa na wasiwasi ndo nakata kinyama kidogo kiende maabara, na ikithibitika kansa unapewa rufaa. Hata hapo sio mwisho jamani, ikiwahiwa upasuaji unaitoa, ikiwa imesogea kuna mionzi ya nje na ya ndani pamoja na kemo (dawa za kuua seli za kansa), na wapo wanaopona kabisa.

Mabinti wa miaka 9 hadi 14 wapewe chanjo kabla hawajaanza mahusiano, tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limekubali hata dozi moja. Haigusi uzazi wa mtoto hata kidogo. Na ukichanjwa, ukikua bado unapima, maana chanjo haizuii aina zote.

Kitu kimoja kinaniumiza sana: mtu anaambiwa ana HPV anaenda kugombana nyumbani. Kirusi hiki kinaweza kukaa kimya miaka mingi, hakuna kipimo kinachosema kimeingia lini wala kimetoka kwa nani, kwahiyo majibu hayo sio ushahidi wa usaliti wa mtu yeyote.

Ukija usiwe kwenye siku zako, siku mbili kabla usijioshe ndani ya uke wala kuweka dawa, na tendo la ndoa subirisha. Alafu tafadhali, pale mapokezi andika namba ya simu inayopatikana, kama huna andika ya mtu unayemwamini, maana kuna bahasha za majibu kwenye droo yangu, wenyewe wanahitaji kutibiwa dakika moja tu, na kila nikipiga simu haipatikani.