Amri ya kwanza kabla ya kuchukua picha ya diski

Mtu akiniletea kompyuta ya Windows nimchukulie picha ya diski nzima, yaani nakala kamili ya kila kilichomo, siiwashi Clonezilla, programu ya bure ya kunakili diski, papo hapo. Kwanza nafungua dirisha la amri kama msimamizi, naandika:

powercfg /h off

Amri hii huifuta hiberfil.sys, faili ambamo Windows huweka yaliyomo kwenye RAM kompyuta inapolala usingizi mzito (hibernate). Kwa kawaida hula kama asilimia 40 ya RAM, kwa hiyo mashine ya GB 16 ina zaidi ya GB 6 zilizokaliwa bure. Ila nafasi siyo sababu yangu kubwa. Faili hiyohiyo ndiyo inayotumika katika uwashaji wa haraka (Fast Startup). Ukiizima kompyuta na uwashaji huo umewashwa, Windows haizimiki yote. Sehemu yake imelala, na diski inabaki na alama ya kusema hivyo. Clonezilla ikiiona alama hiyo hugoma kunakili. Tafadhali usiilazimishe: utakuwa umehifadhi mfumo ulioachwa katikati ya kazi, na siku ya kuurudisha ndiyo siku usiyotaka matatizo.

Baada ya hapo naendesha cleanmgr, programu ya Windows ya kufuta faili zisizohitajika, upande wa faili za mfumo. Windows.old, folda yenye toleo la awali la Windows, ikiwepo, namuuliza mwenye mashine kama ameridhika na toleo jipya, maana ikishafutwa hakuna kurudi kwenye la zamani. Folda ya WinSxS, ghala la vipande vya Windows yenyewe, siigusi kwa mkono kamwe. Ukubwa wake hutisha, lakini faili zake nyingi ndizo hizohizo zinazoonekana kwenye folda nyingine za Windows, zimehesabiwa mara mbili. Amri ya kuipunguza ipo:

dism /online /cleanup-image /startcomponentcleanup

Clonezilla hunakili sehemu za diski zenye data tu, hivyo kufuta kunatosha. Anayetumia dd, amri ya Linux inayonakili diski nzima jinsi ilivyo, ana kazi zaidi. dd hubeba kila kitu, hata mabaki ya faili ulizofuta, na mabaki hayo hayabanwi vizuri. Jaza sifuri nafasi tupu kwanza, kwa sdelete -z c: (sdelete ni programu ndogo ya Microsoft ya kupakua), ndipo picha itakapobanwa ikawa ndogo.

Na jambo moja huwashtua wengi: picha ya GB 30 iliyotoka kwenye diski ya GB 500 hairudi hivihivi kwenye SSD ya GB 240. Clonezilla hutazama ukubwa wa diski ya awali, haitazami wingi wa data. Kama unahamia diski ndogo, punguza patishani, yaani sehemu ambazo diski imegawanywa, kabla ya kuchukua picha, na unapoirudisha chagua -icds ili Clonezilla isikague ukubwa wa diski.

Ukimaliza, powercfg /h on hurudisha usingizi mzito kwa anayeuhitaji.