Kijani cha Mau kina rangi ngapi?

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii ya kuchora ramani za misitu ya Mau nilipeleka ramani Mariashoni, kijiji cha Mau Mashariki, nikiwa nimevimba kichwa kidogo. Nilikuwa nimeichora hapa Nakuru mjini kwa wiki tatu, kutokana na picha za setilaiti, na ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya msitu juu ya kijiji ilikuwa imesimama vilevile tangu miaka ya themanini. Mzee mmoja Mwogiek, wa jamii ya wafuga nyuki wa msitu huo, aliitazama, akaweka kidole mahali nilipopaka kijani kilichokolea. "Kijana wangu, hapa umewahi kuona mzinga?" Nikamjibu, "Hapana, mzee." "Basi huo si msitu. Hiyo ni saipresi. Nyuki atakula nini hapo?"

Nilirudi ofisini nimenywea. Saipresi haitoi maua yenye asali, na mahali pale zamani palikuwa na miti ya asili, ikiwemo ile ya maua meupe ambayo wenyeji huiita silibwet, inayopendwa sana na nyuki. Ramani yangu ilikuwa imeviita vitu viwili kwa jina moja.

Kosa lenyewe ni rahisi kulifanya. Setilaiti haijui msitu ni nini. Inapima mwanga unaorudi kutoka ardhini, basi. Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho yetu. Ndiyo maana podo (mti wa asili), saipresi, majani chai ya kule Kuresoi na hata viazi vya Molo vinavyokaribia kutoa maua, vyote hupiga kelele ile ile: mimi ni kijani! Kazi yetu ni kutenganisha sauti hizo, na ukiwa na picha moja tu, utashindwa.

Mimi huanza na msimu. Picha ya Januari au Februari ndiyo rafiki yangu. Wakati huo mahindi yamevunwa, ngano ya Mau Narok imebaki mabua, mashamba ni ya kahawia, na kilichobaki kijani kina uwezekano mkubwa wa kuwa mti. Picha ya Julai ina mawingu tele, na pale mawingu yalipopasuka, shamba na msitu vimevaa shati moja. Ukimwona mtu analinganisha picha ya Januari ya zamani na ya Julai ya juzi, halafu anatangaza kwamba msitu umerudi, muulize kama hajahesabu viazi.

Kuna pia kivuli. Setilaiti za Landsat za Marekani, ambazo picha zake ndizo nyingi tunazotumia, hupita juu yetu asubuhi, karibu saa nne na nusu, jua likiwa bado upande wa mashariki. Miteremko inayotazama magharibi na mabonde ya mito hutoka na weusi fulani, na programu huweza kuudhania kuwa msitu mnene wa zamani. Kwenye nchi tambarare hili halisumbui. Milimani linaweza kukuongezea msitu ambao haupo.

Halafu ukubwa wa nukta, yaani kile kipande kidogo kabisa kinachounda picha. Landsat ya kwanza ilirushwa 1972, na nukta moja ya picha zake ilifunika takriban mita 80 kwa 80, yaani zaidi ya ekari moja na nusu. Nyumba, zizi, shamba la mtu na miti yake ya mpakani, vyote ndani ya nukta moja! Kuanzia miaka ya themanini tukapata mita 30, na tangu 2015 Sentinel-2, setilaiti ya Ulaya, inatupa mita 10. Kwa hiyo baadhi ya "miti mipya" tunayoiona leo mashambani Njoro ilikuwepo zamani. Macho yetu ndiyo yalikuwa na ukungu. Katikati hapo kuna balaa la Mei 2003, pale kifaa kimoja cha Landsat 7 kilipoharibika na kila picha ikaanza kutoka na mistari mitupu kama blanketi ya mistari, karibu asilimia 22 ikipotea. Na ni miaka hiyohiyo tuliyoihitaji kuliko yote.

Nasema hivyo kwa sababu ya 2001. Mwaka huo serikali iliondoa kisheria karibu hekta 61,000 kutoka misitu ya Mau, zaidi ya 35,000 kati yake zikiwa Mau Mashariki. Wengi hudhani miti ilianguka mwaka huo. Lakini mstari wa sheria hauonekani kutoka angani. Nikipanga picha mwaka baada ya mwaka, naona sehemu za Nessuit na Mariashoni zikifunguka tangu miaka ya tisini, watu walipopewa makazi, kabla sheria haijawafuata. Na naona vipande vingine vilivyoondolewa kwenye karatasi ilhali miti ilibaki kwa miaka. Ramani ya wakili na ramani yangu hazikubaliani, na zote mbili ni za kweli.

Mashamba ya miti ya serikali ndiyo yanayodanganya zaidi. Saipresi ya mbao hukatwa ikifikia miaka 25 hadi 30. Mkulima huruhusiwa kulima viazi au maharagwe kati ya miche mpaka vivuli vifungane, kisha anahama. Ukilinganisha picha mbili zilizopishana miaka 30, unaweza kukuta "hakuna kilichobadilika" mahali ambapo msumeno umepita, watu wamelima, na miti imekua upya. Ukipishanisha miaka kumi, mahali hapohapo patakuambia msitu umeangamia. Kwa hiyo siku hizi sichori ramani ya picha mbili. Nafuatilia kila nukta kwa mfululizo: shamba la saipresi hupanda na kushuka kama ngazi, msitu wa asili unaoliwa na makaa na ng'ombe hufifia polepole, na mahali palipogeuzwa shamba huporomoka mara moja kisha huanza kupanda na kushuka kila mwaka na mvua.

Watu hapa mjini hupenda kuniuliza kama Mau ndiyo iliyofanya Ziwa Nakuru lifurike hadi kumeza lango kuu la mbuga. Nawajibu kwa tahadhari. Maji ya Mto Njoro yanatoka huko juu, na mteremko uliolimwa huleta matope, hilo halina ubishi. Ila Naivasha, Bogoria na Baringo nayo yalipanda katika miaka hiyo, na Naivasha hunywa zaidi kutoka Nyandarua. Mvua nyingi ina sehemu kubwa katika hadithi hiyo.

Miaka miwili baadaye nilimrudia yule mzee na ramani mpya: msitu wa asili, mianzi, miti ya kupandwa, chai, mashamba, kila kimoja na rangi yake. Saipresi nilikuwa nimeipa kijani hafifu. Akaitazama kwa muda mrefu, akauliza kwa nini bado ni kijani. Sasa kwenye ramani zangu zote saipresi ni zambarau.