Sumu za neva: maswali na majibu

Sumu za neva ni nini?

Ni jamii ya kemikali za oganofosfeti zinazotumiwa kama silaha za kuua watu: tabuni, sarini, somani, VX na kundi la Novichok. Tabuni, ya kwanza kabisa, iligunduliwa Ujerumani mwaka 1936 na mkemia Gerhard Schrader, aliyekuwa akitafuta dawa ya wadudu. Undugu huo upo hadi leo. Profenofosi, dawa ya wadudu anayopulizia mkulima wa nyanya, hushambulia mahali palepale mwilini, ila kwa nguvu ndogo mno. Ndiyo maana daktari wa hospitali ya wilaya aliyewahi kumtibu mtu aliyekunywa dawa ya kuua wadudu wa shambani ameshajua sehemu kubwa ya somo hili.

Kwa nini huitwa gesi?

Ni mazoea tu. Katika joto la kawaida karibu zote ni vimiminika. Sarini hukauka upesi, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara karibu tano, hivyo hushuka na kutulia mabondeni, kwenye mahandaki na vyumba vya chini. VX ni nzito kama oili ya gari na hukawia kukauka, kwa hiyo hatari yake kubwa iko kwenye ngozi. Kim Jong-nam, ndugu wa kambo wa kiongozi wa Korea Kaskazini Kim Jong-un, aliuawa kwa VX aliyopakwa usoni katika uwanja wa ndege wa Kuala Lumpur, Februari 2017.

Huuaje?

Neva ikitaka kuamrisha msuli au tezi, humwaga asetilikolini. Amri ikishafika, kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi huivunja asetilikolini hiyo mara moja, msuli ukapumzika. Sumu hukikamata kimeng'enya, na amri haizimiki tena. Tezi humwaga machozi, mate, kamasi na jasho bila kikomo. Njia za hewa hubana huku zikijaa majimaji. Tumbo husokota, mtu hutapika, huharisha na kujikojolea. Misuli hurukaruka chini ya ngozi kana kwamba kuna kitu kinatambaa, halafu huchoka na kupooza, kikiwemo kiwambo cha kupumulia. Ubongo nao huingia kwenye degedege. Kifo huja kwa kukosa hewa.

Dalili huanza lini?

Kwa mvuke, ni sekunde au dakika chache, na macho ndiyo hutangulia: mboni husinyaa zikawa kama ncha ya sindano, macho huuma, mchana huonekana kama jioni. Tone kwenye ngozi ni habari nyingine. Mtu anaweza kukaa saa nyingi bila dalili, tena mboni zake zikiwa za kawaida, kisha akaanguka ghafla. Aliyegusa VX haruhusiwi kwenda nyumbani eti anajisikia vizuri.

Shambulio la Tokyo lilionyesha nini?

Tarehe 20 Machi 1995, wafuasi wa dhehebu la Aum Shinrikyo walitoboa kwa ncha za miavuli mifuko ya sarini ndani ya treni tano za chini ya ardhi. Watu zaidi ya 5,000 walitafuta matibabu. 13 walikufa, na wa 14 alifariki mwaka 2020. Wafanyakazi wawili wa stesheni ya Kasumigaseki walikuwa miongoni mwa waliokufa, baada ya kushughulikia furushi lililokuwa likivuja.

Hospitali ya St. Luke's peke yake ilipokea watu 640 siku hiyo, na wengi hawakuja kwa ambulansi. Walitembea au kupanda teksi, wakiwa na nguo zilezile. Waliwekwa hadi kwenye kanisa la hospitali, ambako hewa haikuzunguka vizuri, na mvuke uliokuwa umejificha kwenye makoti ukaanza kutoka. Karibu robo ya wahudumu waliohojiwa baadaye walisema nao walipata dalili. Kilichokosekana ni kuwavua watu nguo mlangoni.

Nikiwa karibu nifanye nini?

Toka haraka, elekea upepo unakotoka, panda juu. Vua nguo zote, kwa sababu peke yake hatua hii huondoa sehemu kubwa ya sumu. Fulana ikatwe kwa mkasi, isipitishwe kichwani. Viatu na mkanda wa ngozi visivaliwe tena, kwani ngozi hunyonya sumu na kuitunza. Funga vyote katika mifuko miwili ya plastiki. Kisha oga kwa maji mengi na sabuni bila kusugua kwa nguvu, na suuza macho dakika 10 hadi 15. Jiki haipakwi mwilini. Usimpulizie mgonjwa hewa mdomo kwa mdomo, utavuta sumu yake.

Je, maziwa husaidia?

Hapana. Hayazuii sumu hii, na mtu mwenye degedege akinyweshwa chochote kinaingia mapafuni.

Hospitalini anatibiwaje?

Atropini kwanza, dawa ya kukausha majimaji. Mtu mzima aliyezidiwa huanza na mg 2 kwenye mshipa, mtoto mg 0.05 kwa kila kilo. Baada ya dakika 5 sikiliza kifua. Kikiwa bado kinakoroma, dozi huongezwa maradufu: 2, 4, 8. Kama ampuli ni za mg 1, hatua hizo tatu zimeshakula 14, kwa hiyo hesabu stoo mapema. Lengo ni kifua kikavu na mapigo ya moyo zaidi ya 80. Makosa mawili hurudiwa sana: kuacha dawa kwa kuogopa moyo kwenda mbio, na kusubiri mboni zipanuke, ambazo huweza kubaki ndogo kwa siku kadhaa.

Atropini hukausha, lakini haiamshi misuli iliyopooza. Hiyo huhitaji kusaidiwa kupumua na kupewa pralidoksimu, dawa ya kukifungua kimeng'enya kilichokamatwa, g 1 hadi 2 polepole kwa dakika 15 hadi 30. Iwahi, maana sumu ikikaa hung'ang'ania kimeng'enya moja kwa moja: somani kwa dakika chache, sarini kwa saa chache, VX kwa muda mrefu zaidi. Degedege hutulizwa kwa diazepamu mg 10. Ukitaka kumwingiza mpira wa kupitishia hewa kooni, epuka suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli. Kimeng'enya cha kuivunja kimezimwa, na mgonjwa atabaki amepooza kwa saa nyingi.

Akipona?

Macho husumbua gizani kwa wiki kadhaa, na usingizi na kumbukumbu kwa muda mrefu zaidi. Kolinesterasi ya chembe nyekundu za damu hurudi kwa takriban asilimia 1 tu kwa siku. Miezi hiyo mitatu hivi asishike bomba la kupulizia dawa shambani, kwani hata kipimo kidogo kitamkuta hana akiba.