Livingstone: maana ya jina na njia liliyopita

Shuleni kwetu mwalimu wa historia aliandika jina Livingstone ubaoni, akalikata katikati kwa mstari wa chaki. Upande wa kushoto, *living*, akaandika "hai"; upande wa kulia, *stone*, "jiwe". Jiwe lililo hai. Tuliandika daftarini, na mimi nikatembea na maana hiyo miaka mingi, nikiamini kwamba David Livingstone, mmishenari yule aliyekutwa Ujiji, alikuwa na jina la kimaandiko kabisa.

Hamna jiwe ndani ya jina hilo. Kipande cha mwisho ni neno la Kiingereza cha kale, *tun*, lililomaanisha boma au shamba lililozungushiwa uzio, na ndilo lililokuja kuwa *town*, "mji", katika Kiingereza cha leo. Kipande cha kwanza ni jina la mtu: Leving. Mwanzoni mwa karne ya 12 mtu huyo alikuwa na ardhi magharibi ya Edinburgh, katika eneo linaloitwa West Lothian. Jina lake ni la Kisaksoni, na mzizi wake ni neno lenye maana ya "mpendwa". Watu wakapaita pale kwa mwenyewe, Leving's tun, kama wakazi wa Dar es Salaam wanavyosema Kwa Aziz Ali au Tandale kwa Mtogole. Mwanawe, Turstan, anaonekana kwenye hati ya watawa wa Holyrood akithibitisha zawadi ya kanisa ambalo baba yake aliwapa. Baadaye wakubwa wa pale wakajiita kwa jina la mahali: fulani wa Livingston. Mji wenyewe upo mpaka leo, umekuwa mkubwa tangu ulipotangazwa mji mpya mwaka 1962, na wapenzi wa kandanda wanaifahamu timu yake.

Hiyo ni njia moja ya kupata jina la ukoo Uskoti: ardhi inampa mtu jina. Njia ya pili sisi tunaielewa haraka zaidi, kwa sababu ni ya kwetu pia. Kule Nyanda za Juu, kaskazini na magharibi, watu walisema Kigaeli, na *mac* kwa Kigaeli ni "mwana wa". Ni "bin" yetu. Mtu wa kijijini aliweza kuitwa Iain mac Dhòmhnaill 'ic Nèill, yaani Iain bin Donald bin Neil, na mwanawe akaitwa kwa jina la Iain, mjukuu naye kwa jina la baba yake, hivyo hivyo jina likisogea hatua moja kila kizazi. Jina la ukoo lisilobadilika lilikaa pale lilipohitajika na mtu mwingine: karani wa kanisa, msimamizi wa kodi za shamba, jeshi. Yeyote aliyewahi kukaa mbele ya fomu ya kitambulisho akijiuliza kwenye nafasi ya "jina la ukoo" aandike la babu au la babu wa babu, anajua hali hiyo.

Tena jina hilo la ukoo halikuwa la kudumu kama tunavyodhani. Ukoo wa MacGregor ulipigwa marufuku jina lenyewe mwaka 1603; kujiita MacGregor kukawa kosa la jinai, na wengi wakachukua Campbell, Grant, Drummond au Murray. Marufuku hiyo iliondolewa kabisa mwaka 1774. Kwa hiyo Mskoti anapokwambia yeye ni Campbell, amekwambia jina ambalo mmoja wa mababu zake aliandikwa nalo. Damu ni habari nyingine.

Livingstone ni mfano mzuri kuliko wote, kwa kuwa ni jina moja lililovaliwa na watu wa asili mbili zisizohusiana.

Wa kwanza ni hao wa Lothian, watu wa nyanda za chini, karibu na wafalme. Walishika ngome ya Callendar karibu na Falkirk, wakapanda mpaka kuwa mabwana na ma-earl (cheo kikubwa cha kimwinyi) wa Linlithgow. Mary Livingston, binti wa nyumba hiyo, alikuwa mmoja wa wasichana wanne, wote wakiitwa Mary, waliosafirishwa Ufaransa mwaka 1548 pamoja na malkia mtoto, Mary wa Uskoti. Vyeo vyao vikubwa vilipotea baada ya earl wao kujiunga na uasi wa 1715 dhidi ya mfalme.

Tawi lao lililosafiri mbali lilianza na mchungaji. John Livingstone, mhubiri wa Ancrum karibu na mpaka wa Uingereza, alifukuzwa nchini mwaka 1663 kwa msimamo wake wa dini, akaenda Rotterdam. Mwanawe Robert, aliyezaliwa 1654, alikulia huko akisema Kiholanzi kama mwenyeji. Lugha hiyo ndiyo iliyomtajirisha. Mwaka 1674 alifika Albany, katika koloni la New York, lililokuwa limetoka mikononi mwa Waholanzi lakini bado linafanya biashara kwa Kiholanzi. Akawa karani, akaoa mjane wa familia kubwa ya Kiholanzi, na mwaka 1686 akapata hati ya shamba la ekari 160,000 kando ya mto Hudson. Mjukuu wake Philip alitia sahihi Tangazo la Uhuru wa Marekani mwaka 1776. Kitukuu, Robert R. Livingston, ndiye aliyemwapisha George Washington mwaka 1789. Familia hiyo hiyo ilifanya biashara ya watumwa na kumiliki watumwa, na hilo lisemwe kwa sauti ile ile tunayotumia kutaja sahihi na viapo.

Robert yule wa kwanza aligusa hata bahari yetu. Mwaka 1695, akiwa London, alimdhamini nahodha William Kidd katika mpango wa kwenda kuwinda maharamia. Mwaka 1697 Kidd alikuwa visiwani Komoro, ameilaza meli yake ubavu huko Mwali ili isafishwe, na mabaharia wake wengi wakafa kwa maradhi. Baadaye alihesabiwa haramia mwenyewe, akanyongwa mwaka 1701. Livingston alibaki na shamba lake.

Huyu wa Ujiji lakini hakutoka kwa hao. Ukoo wa David Livingstone ni wa pili, wa watu wa Kigaeli, na jina lao la zamani ni MacLea, linaloandikwa pia McLeay na MacLay. Kuhusu asili yake kuna maelezo mawili. Moja linalitoa kwenye *Mac an Lèigh*, "mwana wa tabibu". La pili linalitoa kwenye *Mac Dhunnshlèibhe*, yaani mwana wa mtu aliyeitwa Donnshlèibhe, jina linalobeba neno la Kigaeli la mlima. Napenda la kwanza, sikatai, kwa sababu huku kwetu huyo mtu tunamwita Dakta. Lakini familia inayoongoza ukoo huo inashika la pili, na wao ndio wenye jina.

Nyumbani kwao ni Lismore, kisiwa kirefu chembamba katika mlango wa bahari mbele ya Appin, pwani ya magharibi. Hapo kuna familia ya Livingstone wa Bachuil, na kazi yao ya urithi ni kutunza fimbo. Ni bakora ya mtakatifu Moluag, mmishenari aliyefariki mwaka 592. Ukiitazama hutaona kitu cha kifalme: kipande cha mti wa miiba, urefu wake haufiki mita moja, kichwa kimepinda kidogo. Zamani ilivikwa mabati ya shaba iliyopakwa dhahabu, yameng'oka mengi. Kwa ajili ya kulinda kipande hicho cha mti, familia ilipewa ardhi, na ipo hati ya mwaka 1544 inayothibitisha haki hiyo. Mimi naona hapo pana nguvu kuliko ngome ya Callendar. Fimbo imewashikilia watu kisiwani karne baada ya karne, hata jina lao lenyewe lilipobadilika.

Na lilibadilika. Katika karne ya 17 akina MacLea wa Lismore, Appin na jirani walianza kuandikwa Livingstone. Kiingereza kilikuwa ndiyo lugha ya hati na ya wenye ardhi, na jina la mabwana wa nyanda za chini lilikuwa tayari linajulikana, lina heshima. Nyumbani waliendelea kuitana kwa Kigaeli. Kwenye karatasi wakawa watu wa mji wa Leving, ambao wengi wao hawakuwahi kuukanyaga.

Tarehe 16 Aprili 1746, uwanjani Culloden, wanaume wa Appin walipigana upande wa Wastuart, ukoo wa wafalme wa zamani waliotaka kurudi kitini, wakashindwa. Donald Livingstone aliiokota bendera ya kikosi baada ya wabebaji wake kuuawa, akaichana kutoka kwenye mlingoti, akajizungushia mwilini na kutoka nayo hai. Imehifadhiwa Edinburgh. David Livingstone naye aliandika kwamba baba wa babu yake alianguka Culloden.

Babu yake, Neil, alikuwa mkulima mdogo katika kisiwa cha Ulva, kando ya kisiwa kikubwa cha Mull. Mjukuu amesimulia kwamba mzee huyo aliweza kueleza habari za vizazi sita vya ukoo wao bila karatasi. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa hiyo ni kazi gani. Ni nasaba, na inafundishwa kwa mdomo jioni baada ya jioni. Shamba la Ulva halikutosha kulisha watoto wengi, na mwaka 1792 Neil akahama na familia yake kwenda Blantyre, kando ya mto Clyde, kwenye kiwanda cha kusokota pamba. Walitoka mahali pa Kigaeli na samaki wakaingia mahali pa Kiingereza na kengele. Walioendelea kubaki Ulva waliondolewa wengi katika miaka ya 1840, viazi vilipooza shambani na mwenye kisiwa akataka nafasi ya kondoo.

Huko Blantyre, tarehe 19 Machi 1813, David alizaliwa katika chumba kimoja cha nyumba ya wafanyakazi. Baba yake, naye Neil, aliuza chai nyumba kwa nyumba na kugawa vijitabu vya dini. Akiwa na miaka 10 David aliingia kiwandani, akiunganisha nyuzi zilizokatika, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku.

Herufi ya mwisho ina kisa chake. Baba yake alikuwa ameifupisha tahajia, akiandika Livingston bila *e*, na David aliandika hivyo kwa miaka mingi ya ujana wake, hata akiwa tayari mmishenari kusini mwa Afrika. Ni katika miaka ya 1850, kwa matakwa ya baba huyo huyo, ndipo *e* iliporudishwa. Herufi moja ikalifanya jina lionekane limeishia na jiwe, na makosa ya ubaoni kwetu yakaanzia hapo.

Nyumba hiyo ilitawanyika kama nyumba nyingi za Waskoti wa wakati ule. Kaka yake John alihamia Kanada. Mdogo wake Charles alisoma Marekani, akafa mwaka 1873 karibu na Lagos. Robert, mwana wa David, naye alifika Marekani, akaingia katika jeshi la kaskazini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na hakujiandikisha kwa jina la baba yake. Alijiita Rupert Vincent, akamwandikia baba kwamba hataki kulitia jina hilo aibu zaidi. Alitekwa, akafa mwaka 1864 huko Salisbury, North Carolina, akiwa na miaka 18. Siwezi kupita hapo haraka. Ukoo uliobadilishiwa jina na makarani ulipata mtoto aliyelivua mwenyewe kwa sababu limekuwa zito.

Mwaka 1871 Livingstone alikutwa Ujiji na mwandishi wa habari Stanley, ambaye naye alizaliwa Wales akiitwa John Rowlands. Wanaume wawili wakapeana mikono na majina ambayo hakuna hata moja lililoanzia kwa mababu zao. Livingstone alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watumishi wake Susi, Chuma na wenzao walimbeba mpaka Bagamoyo, na mwezi wa Februari 1874 mwili ukalala usiku mmoja misheni kabla ya kupelekwa Unguja na kwenda kuzikwa London.

Jina halikurudi naye. Lilibaki kwenye milima ya mashariki ya Ziwa Nyasa, kwenye maporomoko ya mto Kongo, kwenye mji ulio karibu na Mosi-oa-Tunya, yaani Maporomoko ya Victoria. Kijiji cha kiwanda cha pamba nacho kilipata pacha wake, mji wa Blantyre nchini Malawi. Kisha likaingia kwenye ubatizo, na hapo ndipo lilipogeuka tena. Kuanzia Malawi hadi Kenya kuna wanaume wengi wanaoitwa Livingstone, na kwao si la ukoo. Ni jina la kwanza, la mtu mwenyewe, kama lilivyokuwa kwa yule Msaksoni wa Lothian. Kwenye kitambulisho linakaa mbele, kisha linafuata la baba, na mwisho la babu.