Je, wajua? Friji inaweza kukupandishia potasiamu usiyo nayo

Niliwahi kupewa majibu ya damu yanayosema potasiamu 6.1, wakati kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0. Sikuhangaika kumtafuta mchawi: ndizi. Nilikuwa nakula mbili kila asubuhi. Kesho yake nikarudia kipimo kwingine, ikaja 4.2.

Ndizi nilizisingizia. Moja ya wastani ina miligramu 400 hivi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau 3,510 kwa siku, kwa hiyo mbili zangu hazikufika hata robo. Isitoshe, figo nzima hukojoa ziada. (Mwenye figo mbovu, au anayetumia baadhi ya dawa za presha, hesabu yake ni nyingine kabisa, na kwake 6.1 si ya kuchekea, maana moyo unaweza kuvuruga mapigo.)

Mkosaji alikuwa friji. Kichupa changu cha kwanza kililazwa humo usiku kucha kabla damu haijatenganishwa, yaani seli hazijaondolewa kwenye majimaji yake. Mimi nilidhani baridi huhifadhi kila kitu, kama maziwa.

Tatizo ni mahali potasiamu inapokaa. Takriban asilimia 98 ya potasiamu ya mwili imo ndani ya seli. Kinachopimwa ni kile kidogo kilichobaki nje, kwenye majimaji ya damu. Fikiria ngalawa inayovuja. Haizami kwa sababu kuna mtu anafua maji, yaani anayachota na kuyamwaga nje, bila kupumzika. Kila seli ina wafuaji wa namna hiyo (ni pampu za protini), ila hawa wana mtindo wa ajabu: kila mzunguko hutupa nje sodiamu tatu na kurudisha ndani potasiamu mbili. Jens Christian Skou wa Denmark aliwagundua mwaka 1957, tena kwenye neva za kaa, akapata Nobeli ya kemia mwaka 1997.

Wafuaji hao hula nishati, na kwenye baridi mikono yao hufa ganzi. Mashimo ya ngalawa hayazibiki eti kwa kuwa mfuaji kalala. Potasiamu inachuruzika kutoka kwenye seli nyekundu hadi nje, saa baada ya saa, na mashine asubuhi inaisoma kwa uaminifu mkubwa. Damu yenyewe inaweza isionyeshe dalili yoyote ya kuharibika.

Joto nalo lina vituko vyake. Kichupa kikiachwa mahali pa joto, wafuaji huchapa kazi kupita kiasi na potasiamu hushuka kwanza, mpaka sukari iliyomo iishe. Seli nyekundu hazina chakula kingine. Hapo ndipo inapoanza kupanda.

Na ile tabia ya kuambiwa “kunja ngumi, kunjua, kunja tena” mpira ukiwa umebana mkono? Misuli inayofanya kazi humwaga potasiamu yake jirani kabisa na sindano. Kiasi hutofautiana mtu na mtu, lakini kinaweza kutosha kugeuza jibu.

Chupa za damu za benki ya damu hupitia mambo yale yale. Zinakaa kwenye baridi kwa wiki kadhaa, potasiamu ikivuja taratibu, ndiyo maana mtoto mchanga anayehitaji damu nyingi kwa mkupuo hutafutiwa iliyotolewa karibuni.