Eti simu mpya lazima uimalize chaji kwanza?

Hii stori bado iko Kampala, ukinunua simu pale mjini muuzaji anakwambia chaji masaa nane bila kuiwasha, halafu kila siku acha ife kabisa ndo uchomeke tena, la sivyo betri "itazoea". Jamani, hiyo ni sheria ya betri nyingine kabisa, zile za nikeli na kadimiamu.

Kadimiamu ni metali laini, nyeupe yenye kaubluu kwa mbali, inayeyuka kwenye nyuzi 321 tu, na mara nyingi inapatikana wakati watu wanasafisha zinki. Msweden Waldemar Jungner ndo aliitengenezea betri mwaka 1899, na zilidumu miaka mingi kwenye drili, tochi na redio za upepo. Hizo kweli, ukizichomeka kila mara kabla hazijaisha, kwenye kiwango kilekile, volti zinashuka mapema kama vile chaji imeisha, kwa hiyo fundi alikuwa na haki kusema imalize kwanza.

Simu yako lakini ni lithiamu, haina huo ugonjwa, na kuipeleka sifuri kila siku ndo kunaichosha, so umeme ukirudi saa sita usiku iko asilimia 40 we chomeka tu.

Kama una drili ya zamani imeandikwa Ni-Cd, yaani nikeli na kadimiamu, hapo ndo kuwa makini, usiitupe kwenye moto wa takataka, maana moshi wa kadimiamu unaumiza mapafu, na ikishaingia mwilini inakaa kwenye figo miaka na miaka.